Uzi: Eti "hata manesi walikataa chanjo"? Tuangalie historia kidogo

1/ Mdahalo wa siasa ukigusa afya, kuna sentensi moja hukosi kuisikia: "Kama hata madaktari na manesi walikataa chanjo ya Korona, wewe ni nani uikubali?" Ukumbi unapiga makofi, mwendeshaji anahamia swali la barabara, na hoja inabaki hewani bila mtu kuijibu. Leo tuishushe chini tuikague. Uzi ni mrefu, weka chai karibu.

2/ Kanuni ni zile zile za nyuzi zilizopita: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukiona mtu wako humu, ni wewe umemweka. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si daktari, kwa hivyo sitakuambia uchanjwe nini. Swali langu ni la kisiasa: mhudumu wa afya akisita kuchanjwa, anasita kwa sababu ya sindano, ama kwa sababu ya yule anayemletea hiyo sindano?

3/ Swali hili liko hadi nyumbani kwetu. Shangazi yangu ni nesi katika zahanati ya kaunti. Amechanja watoto tangu kabla sijazaliwa. Machi 2021 chanjo ya Korona ilipofika, alikuwa anaandikisha wenzake lakini yeye mwenyewe hajachanjwa. Nikamuuliza, "Shangazi, kwani unaogopa?" Akanijibu, "Mwanangu, sindano siogopi. Nimechoka kuwa wa kwanza siku ya hatari na wa mwisho siku ya mshahara." Jibu hilo ndilo lililonipeleka kwenye vitabu.

4/ Kwenye kundi la familia baba aliandika tu, "Mganga hajigangi." Tukacheka, yakaisha. Lakini kama wazee walikuwa na methali yake, basi jambo lenyewe halikuanza na Korona. Hebu turudi nyuma hadi 1977, tena si mbali na hapa. Tuende Merca, mji wa pwani kusini mwa Mogadishu.

5/ Mwaka huo ndui ilikuwa inakaribia kufutwa duniani. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeisaka nchi baada ya nchi, na ngome ya mwisho ikawa Somalia. Katika hospitali ya Merca kulikuwa na mpishi kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin. Kwa muda mfupi alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye kampeni yenyewe ya kuchanja watu. Yaani jamaa alijua chanjo ni nini, alijua ndui ni nini, na kazi yake ilikuwa hospitalini.

6/ Lakini yeye hakuwa amechanjwa. Sababu? Baadaye mwenyewe alieleza kwamba aliiogopa, aliona kama inauma. Basi. Hakuwa na nadharia ya njama, hakuwa amesoma makala yoyote. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa wawe wamechanjwa, lakini hakuna aliyefuatilia kama mpishi amechanjwa ama la. Weka hilo akilini, tutalirudia.

7/ Oktoba 12, 1977, gari lilifika likiwa na watoto wawili wenye ndui, dereva akiuliza njia ya kwenda kituo cha kutengea wagonjwa. Maalin akaingia garini kumwelekeza. Safari ya dakika chache tu. Siku kumi baadaye akashikwa na homa. Kwanza wakasema ni malaria. Vipele vilipotoka wakasema ni tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Mwisho wa mwezi ndipo ikajulikana kwamba ni ndui.

8/ Kilichofuata ni moja ya misako mikubwa ya afya katika historia ya eneo letu. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja. Hospitali ilifungwa kwa wagonjwa wapya, nyumba zikapitiwa, na zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na Maalin, na yeye akapona. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui iliyoambukizwa kwa njia ya kawaida. Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru.

9/ Sasa ona ajabu ya historia. Mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia hiyo alikuwa mfanyakazi wa hospitali aliyekwepa chanjo. Ukimpa mwanasiasa wa leo hadithi hii, wa upande mmoja atasema, "Si mnaona, hata wao hawaiamini!" Wa upande mwingine atasema, "Wahudumu hawa ni wazembe, walazimishwe!" Wote wawili wangekosea. Maalin hakuikataa sayansi. Aliogopa maumivu, na waajiri wake walidhani kwamba kufanya kazi hospitalini kunatosha kumfanya mtu asiogope.

10/ Na hadithi haikuishia hapo. Miaka mingi baadaye Maalin alijiunga na kampeni ya polio. Alipokutana na wazazi wanaosita aliwasimulia yaliyompata: niliogopa kama wewe, na hiki ndicho kilichonikuta. Hakuwatukana. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia na kuvuka mpaka hadi Dadaab huku kwetu, alirudi tena kazini. Alifariki Julai mwaka huo kwa malaria, kampeni ikiendelea. Aliyesita ndiye aliyekuja kuwashawishi wengine, kwa sababu alijua kusita kunafananaje.

11/ Tuje Kenya. Mwaka 2014 kulikuwa na kampeni ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu wa Katoliki wakajitokeza hadharani: mbona wanawake pekee, tena wa umri wa kuzaa? Mbona dozi tano? Wakadai kwamba chanjo ile ina homoni ya ujauzito inayoweza kuleta utasa. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakana. Sampuli zikapelekwa maabara, na pande mbili zikashindwa kukubaliana hata kuhusu jinsi zilivyochukuliwa na zilivyopimwa.

12/ Maelezo ya kitaalamu yalikuwepo. Pepopunda humpata mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni. Ndiyo maana wakalengwa wanawake wa umri huo. Dozi tano ni ratiba ya kawaida ya Shirika la Afya Duniani ya kumpa kinga ya muda mrefu mtu mzima ambaye hakuchanjwa utotoni. Ukielezwa hivyo unaelewa. Shida ni kwamba maelezo yalikuja baada ya tuhuma, na maelezo yanayokuja nyuma ya tuhuma husikika kama utetezi.

13/ Kitu ambacho watu husahau kuhusu 2014: madaktari walikuwa pande zote mbili. Kulikuwa na chama cha madaktari Wakatoliki upande wa maaskofu, na madaktari wa wizara upande ule mwingine. Kanisa lenyewe linaendesha hospitali na zahanati nyingi nchini. Sasa jiweke kwenye viatu vya nesi wa zahanati ya misheni: wizara inakuambia chanja, askofu anakuambia ngoja. Agosti 2015 mvutano ukahamia kwenye polio. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwaka 2019 chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipozinduliwa Mombasa kwa wasichana wa miaka 10, maswali yakawa yale yale.

14/ Kwa hivyo Korona ilipofika Machi 2020 haikukuta uwanja mtupu. Ilikuta nchi ambayo tayari ilikuwa imegombana kuhusu chanjo, na wahudumu ambao tayari walikuwa wamegombana na mwajiri wao. Na hapa ndipo siasa inaingia kabisa.

15/ Mwaka 2013, afya ilihamia kwa kaunti kama Katiba ya 2010 ilivyotaka. Mwaka huo huo madaktari wakatia saini mkataba wa CBA na serikali. Haukutekelezwa. Desemba 2016 wakagoma, na mgomo ukaenda siku 100, hadi Machi 2017. Katikati, Februari, viongozi wa chama chao wakatupwa jela kwa siku chache kwa kudharau mahakama. Kabla vumbi halijatulia, wauguzi nao wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Nani alilipwa, nani hakulipwa, ni kaunti ama serikali kuu: huo ndio wimbo wa miaka yote hiyo.

16/ Halafu Aprili 2020 ikaja ile runinga ya Ufaransa, ambapo madaktari wawili walizungumzia kufanyia Afrika utafiti wa chanjo ya kifua kikuu dhidi ya Korona. Bara zima likawaka, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani akakemea fikra hiyo. Mwezi huo huo habari zikasambaa kwamba chanjo ya Oxford huenda ikajaribiwa Kenya. Mnakumbuka mtandao ulivyokuwa. "Sisi si panya wa maabara." Hata mimi nilisambaza, sitakataa. Nilikuwa nyumbani, chuo kimefungwa, na hasira ilikuwa nyingi.

17/ Nisichojua wakati huo ni kwamba hao waliojitolea kwanza walikuwa wa huku kwetu. Utafiti huo ulipoanza Kilifi Oktoba 2020, chini ya KEMRI na washirika wake, mpango ulikuwa watu 400, na 40 wa kwanza wawe wahudumu wa mstari wa mbele wa kaunti hiyo. Yaani wakati mimi nikipiga kelele kwenye simu, kulikuwa na wahudumu wa Pwani wanaosoma fomu ya ridhaa, wanauliza maswali, na wanaweka sahihi. Sentensi ya "hata wahudumu walikataa" inawafuta watu hawa kabisa.

18/ Kwa nini Kilifi watu walikubali? Mimi naona sababu moja kubwa. Kituo kile cha utafiti kimekuwa pale tangu 1989. Kimewahi kufanyia pale tafiti za malaria, na watu wa eneo hilo wamezoea kuuliza maswali na kujibiwa. Huko hawakuletewa mkutano wa siku moja na fulana za bure. Imani ilijengwa kwa miaka zaidi ya thelathini, ndipo ikaombwa.

19/ Sasa linganisha na hali ya mhudumu wa kawaida mwaka 2020. Alikuwa analilia barakoa na magauni ya kujikinga. Mwaka huo huo taifa likashtuliwa na sakata la ununuzi wa vifaa vya Korona kupitia KEMSA, ukaguzi ukihusu shilingi bilioni 7.8. Desemba, wauguzi na matabibu wakagoma, wakifuatwa na madaktari kwa siku chache. Moja ya madai makuu lilikuwa bima ya afya kwa wanaohudumia wagonjwa wa Korona. Mwezi huo huo daktari kijana wa miaka 28 alikufa kwa Korona, na wenzake wakasema alikuwa hajalipwa mishahara ya miezi kadhaa.

20/ Mgomo wa wauguzi na matabibu uliingia hadi 2021. Halafu Machi 3, 2021, ndege ikatua Nairobi na dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca kupitia COVAX. Machi 5 kampeni ikazinduliwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na kaimu mkurugenzi mkuu wa afya akawa wa kwanza kuchanjwa. Ujumbe ukawa: wahudumu wa afya kwanza, ninyi ni mashujaa. Hesabu wiki mwenyewe. Kutoka mgomoni hadi "mashujaa tangulieni" ni wiki chache tu. Kama ungekuwa shangazi yangu, ungeisikiaje sentensi hiyo?

21/ Na Machi hiyo ilikuwa na mambo. Chama cha madaktari Wakatoliki kikapinga chanjo hadharani, safari hii maaskofu wakatofautiana nacho na kusema inakubalika. Wiki iliyofuata Denmark ikasimamisha AstraZeneca kwa hofu ya damu kuganda, kisha Ujerumani, Ufaransa na Italia. Kongo ilikuwa imepokea dozi zake, ikaahirisha kuanza hadi Aprili. Tanzania wakati huo haikuwa na mpango wa chanjo, ilianza Julai. Nesi wa hapa alikuwa anasoma hayo yote kwenye simu yake, na simu ndiyo iliyokuwa mafunzo yake.

22/ Shirika la dawa la Ulaya lilisema Machi 18 kwamba faida ya chanjo inazidi hatari, na kwamba kuganda damu kwa aina ile ni jambo la nadra sana. Historia imekubaliana nao kuhusu lililo kuu: chanjo za Korona ziliokoa maisha mengi. Lakini kuuliza swali Machi 2021 hakukuwa ujinga. Serikali za Ulaya zenye maabara na pesa zilikuwa zinauliza swali lile lile. Tofauti ni kwamba wao wakiuliza huitwa tahadhari, nesi wa zahanati akiuliza huitwa mkaidi.

23/ Halafu kuna waliotaka wakakosa. Mwisho wa Machi, India, ambako dozi zetu zilitengenezwa, ikabana usafirishaji kwa sababu ya wimbi lake yenyewe. Hapa, muda wa kungoja dozi ya pili ukasogezwa kutoka wiki 8 hadi 12. Kuna waliopata ya kwanza wakabaki wanahesabu siku. Siku hizo pia kulikuwa na chanjo ya Urusi ikiuzwa kwa wenye uwezo Nairobi, hadi serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kibinafsi mwanzoni mwa Aprili. Fikiria picha: wa mbele hapati dozi ya pili, mwenye pesa anachagua aina.

24/ Baadaye upepo ukageuka, kutoka kubembeleza hadi kuamrisha. Agosti 2021 waraka ukatoka: watumishi wa umma wote wawe wamepata dozi ya kwanza kufikia Agosti 23, la sivyo hatua za nidhamu. Novemba ikatangazwa kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa hatapata huduma za serikali ana kwa ana. Desemba 14, Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Wakati huo idadi kubwa ya watu wazima nchini walikuwa bado hawajachanjwa, kwa sababu dozi zenyewe zilichelewa kufika.

25/ Ukidhani ni sisi tu, angalia nje. Hospitali moja kubwa ya Houston, Marekani, yenye wafanyakazi kama 26,000, iliwapoteza 153 waliofukuzwa ama kujiuzulu Juni 2021 kwa kukataa. Uingereza ilipanga kuwalazimisha wahudumu wa hospitali za umma kufikia Aprili 2022, ikaghairi Januari kwa hofu ya kubaki bila wafanyakazi. Ufaransa ilianza kulazimisha Septemba 15, 2021, na wahudumu kama 3,000 wakasimamishwa kazi papo hapo. Waliruhusiwa kurudi Mei 2023.

26/ Mfano unaonifikirisha zaidi ni Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi. Huko amri ile ilizua mgomo na ghasia Novemba 2021. Kwa nini huko kuliko Paris? Watu wa kisiwa walikuwa na kidonda cha zamani. Dawa ya kuua wadudu iitwayo klodekoni ilipigwa marufuku Ufaransa mwaka 1990, lakini ikaruhusiwa kwenye mashamba ya ndizi visiwani hadi 1993, na sumu yake iko kwenye udongo hadi leo. Serikali ile ile iliyosema dawa ya ndizi haina shida ndiyo iliyokuja kusema chanjo haina shida. Ya pili ilikuwa kweli. Lakini nani alikuwa bado anasikiliza?

27/ Sasa nitende haki kwa upande wa pili, maana najua mtanijia. Mgonjwa naye ana haki. Ukimpeleka mama yako hospitali hutaki arudi na ugonjwa ambao hakwenda nao. Na mhudumu mmoja akiugua, wadi nzima inayumba. Hoja ya kulazimisha haikutoka kwa watu wabaya. Lakini chanjo za Korona zilikuwa na nguvu zaidi katika kuzuia ugonjwa mkali na kifo kuliko kuzuia maambukizi, hasa virusi vilipobadilika. Kwa hivyo aliyefaidika kwanza alikuwa mhudumu mwenyewe. Na kitu kinachomfaidi mtu unakieleza kwake kabla ya kumtishia nacho.

28/ Kama unataka kupima kama mwajiri anajali, usitazame Korona. Tazama homa ya ini aina ya B. Inaambukizwa kwa damu, yaani nesi akijichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotumika anaweza kuipata. Chanjo yake ipo miaka mingi, kwa kawaida dozi tatu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza wahudumu waipate. Watoto wetu huipata ndani ya ile chanjo ya mchanganyiko iliyoanza hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nesi aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Anawachoma watoto kila siku chanjo ambayo huenda yeye mwenyewe hajaimaliza.

29/ Hakuna mdahalo niliowahi kuona ukiuliza hilo. Hakuna aliyetoa waraka wa siku chache. Kwa sababu homa ya ini haiwi habari ya saa moja jioni. Ndipo utajua kwamba ile haraka ya 2021 ilitoka juu, na wahudumu waliiona hivyo. Wafanyakazi wana kumbukumbu. Wanakumbuka ni lini walikumbukwa.

30/ Turudi kwenye sentensi yetu: "Hata madaktari na manesi walikataa." Ukiikagua unakuta makundi manne yamefungwa kwenye gunia moja. Kuna waliokataa kabisa. Kuna waliosubiri waone, kisha wakachanjwa. Kuna waliotaka wakakosa dozi. Na kuna waliotangulia, wakiwemo wale wa Kilifi. Mwanasiasa anayechukua kundi la kwanza na kuliita "wahudumu" anakudanganya. Na anayeyaita makundi yote manne "wajinga waliopotoshwa na WhatsApp" anakudanganya pia, tena anajipa ruhusa ya kutojibu kuhusu mishahara na bima.

31/ Kwa hivyo siku nyingine ukiisikia sentensi hiyo ukumbini, usipige makofi wala usizomee. Inua mkono uulize hivi:
Moja, kaunti yako inawadai wahudumu mishahara ya miezi mingapi?
Mbili, mhudumu akiambukizwa kazini, bima inalipa nini, na familia yake inabaki na nini?
Tatu, ni wahudumu wangapi wamemaliza dozi tatu za homa ya ini, na nani alilipia?
Nne, likija janga lingine, nani atakaa nao chini kujibu maswali kabla ya waraka kutoka?

32/ Anayeweza kujibu hayo manne amefikiria afya. Asiyeweza anatafuta tu makofi, awe wa upande unaoupenda ama usioupenda. Na likija janga lingine, wa kwanza kuombwa kunyoosha mkono watakuwa hao hao. Imani yao haiwezi kununuliwa wiki ile ndege inatua.

33/ Mtauliza shangazi aliishia wapi. Alichanjwa Mei 2021. Hakukuwa na amri. Msimamizi wao wa wauguzi aliwakalisha saa mbili chini ya mwembe, akawaruhusu waulize lolote, na palipo na swali asilolijua akasema silijui, nitauliza. Jioni hiyo shangazi akanyoosha mkono. Dozi ya pili ilimfikia mwezi mmoja baada ya tarehe aliyoandikiwa.

34/ Juzi nilipompigia kumwambia naandika uzi huu, alicheka, akaniambia niongeze jambo moja. Kaunti yao hatimaye ilileta chanjo ya homa ya ini kwa wafanyakazi. Akapata ya kwanza, akapata ya pili. Ya tatu ameambiwa bado haijaletwa. Kadi yake iko kwenye droo pale zahanati, na anaendelea kuchanja watoto.